Mkoba wa Mtoto

Msomaji wangu, ikiwa wewe ni kijana wa shule ya sekondari, yamkini umekwisha kusahau siku uliyovalishwa mkoba mgongoni kwa mara ya kwanza. Mimi nimeisahau yangu. Lakini siku niliyomvalisha mwanangu mkoba wake siisahau, kwa sababu niliukosea mkoba wenyewe, na kosa hilo ni la namna ambayo mtu aliyepita chuo cha ualimu alipaswa kuliona kutoka mbali. Nataka kukusimulia habari zake. Pengine utasema kwamba wewe si mzazi, na kwamba mambo haya hayakuhusu. Walakini Januari itakapobisha hodi kwenu, baba akiwa kazini na mama akiwa na shughuli zake, wewe ndiwe utakayepewa fedha na kuambiwa, "Mchukue mdogo wako, mkamtafutie mkoba." Kazi hiyo huonekana ndogo. Mnunuzi huimaliza kwa robo saa akarudi nyumbani ameridhika. Mtoto huubeba ule mkoba mwaka mzima.

Sisi tunakaa Kisauni, ng'ambo ya kaskazini ya kisiwa cha Mombasa. Binti yangu alikuwa ametimiza miaka sita, akawa tayari kuingia gredi ya kwanza. Siku tatu kabla ya shule kufunguliwa nilikuwa nikirudi kutoka mjini jioni, nikashuka Kongowea, nikaingia sokoni peke yangu. Kama hujapata kuliona soko la Kongowea mwezi wa Januari, hebu jichoree picha yake moyoni: vitunguu na nyanya kama kawaida, mitumba kama kawaida, lakini juu ya hayo yote, katika kila mti na kila kamba, mikoba imening'inia safu juu ya safu kama popo katika mwembe. Chini yake yapo marundo ya sare, viatu vyeusi vilivyofungwa jozi jozi, na madaftari yaliyopangwa kwa dazeni. Wauzaji huita hata sauti zao zikakauka. Wazazi husimama wakizihesabu noti mifukoni bila ya kuzitoa, maana kila noti imekwisha kupangiwa kazi yake.

Niliingia mle na akili ya mtu anayenunua sufuria: iliyo kubwa zaidi kwa bei ile ile ndiyo yenye nafuu. Muuzaji alinisoma upesi. Alishusha mkoba mmoja wa rangi ya zambarau, unaong'aa, wenye picha ya paka aliyevaa taji, mifuko mitano, mpini wa chuma wa kuvutia, na magurudumu mawili chini yake. "Chukua huu, baba," aliniambia. "Mtoto ataingia nao gredi ya kwanza, atatoka nao gredi ya sita." Maneno hayo yalinipendeza kuliko alivyojua mwenyewe. Mkoba wa miaka sita kwa bei ya mmoja! Tena nakiri jambo jingine: niliwaona majirani kwa macho ya moyo, wamesimama milangoni asubuhi, wakitazama jinsi mtoto wa mwalimu anavyopita. Nililipa bila hata ya kuomba nipunguziwe.

Asubuhi ya kwanza aliuvaa kwa furaha kubwa. Ulianzia kisogoni ukaishia nyuma ya magoti. Ukimtazama kwa nyuma, hukuona mtoto. Uliona mkoba wenye miguu miwili myembamba unakwenda shuleni. Mama yake aliniuliza ni nani kati ya wale wawili aliyemchukua mwenziwe. Nikamjibu kwamba mtoto hukua. Ni kweli, mtoto hukua. Lakini wa kwangu hakukua njiani siku ile. Ama magurudumu, hayo yalitengenezwa kwa ajili ya barabara nyingine na nchi nyingine. Njia yetu nusu yake ni mchanga na nusu ya pili ni mawe, na gurudumu dogo likiingia mchangani halizunguki, hulima. Siku mbili alijaribu kuuburura. Siku ya tatu aliurudisha mgongoni, na magurudumu pamoja na mpini wake wa chuma vikawa mzigo juu ya mzigo.

Wala hakulalamika, na hilo ndilo lililonidanganya. Muhula mzima nilimwona akienda ameinamisha kiwiliwili mbele, vidole gumba amevipenyeza chini ya mikanda ili isimkate mabega, nami nikadhani kwamba huo ndio mwendo wake. Mtoto mdogo hajui kwamba mzigo waweza kuwa na kosa. Hudhani kosa ni lake, kwamba yeye ndiye dhaifu. Tena alikuwa ameiona furaha yangu siku nilipouleta, na watoto huitunza furaha ya wazazi wao kuliko tunavyostahili.

Shule zilipofunguliwa kwa muhula wa pili, masika yalikuwa yamekwisha kuanza. Asubuhi moja ya mwezi wa Mei, maji yakiwa yamejaa katika mtaro wa kando ya barabara, mkanda wa kushoto ulikatika pale unaposhikana na mkoba. Mzigo wote ulimwangukia upande wa kulia, ukamvuta, naye akaenda nao mtaroni. Kwa mtu mzima maji yale hayakuwa kitu. Kwa mtoto wa miaka sita aliyening'iniwa na mzigo begani, yalitosha. Wanafunzi wawili wa sekondari, vijana wa umri wako, walikuwa wakipita. Waliruka mle wakamtoa. Sijui majina yao hata leo. Walimleta nyumbani akiwa na jeraha gotini na matope mpaka kwenye nyusi, mmoja amembeba mtoto, wa pili ameubeba mkoba, na huyu wa pili aliniambia kwa adabu, huku akihema, "Shikamoo, mwalimu. Huu ni mzito."

Nilitazamia kwamba mtoto atalia kwa ajili ya goti lake. Alikuwa akivililia vitabu. "Baba, vimerowa. Mwalimu atasemaje?" Nilimwuliza kwa nini alivichukua vyote siku ile, ilhali ratiba yake ilikuwa na masomo machache. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua hutoka mashariki. "Mwalimu amesema vyote, kila siku."

Msomaji, ningeweza kumkasirikia mwalimu yule, na kwa dakika chache nilimkasirikia. Kisha niliikumbuka sauti yangu mwenyewe. Mimi nafundisha gredi ya tatu katika shule nyingine, na maneno hayo hayo ndiyo niliyoyasema siku ya kwanza ya muhula nikiwa nimesimama mbele ya ubao: vyote, kila siku. Niliyasema kwa sababu yalikuwa mepesi kuliko kuifuata ratiba. Mtoto aliyesahau kitabu nilimsimamisha nyuma ya darasa. Watoto 43 walikuwa wakiubeba mgongoni uvivu wangu wa kuipanga siku.

Vitabu vilipokauka nilivirudisha vyote mkobani. Tangu mwaka 2024 masomo ya gredi ya kwanza hadi ya tatu ni 7, na kila somo lilikuwa na kitabu chake na daftari lake. Nikatia chupa ya maji na chakula cha saa nne, nikauchukua mkoba mpaka kwenye duka la nafaka, ambako mizani haisemi uongo mkubwa. Ulikuwa kilo 4 na robo tatu. Mkoba mtupu, pamoja na magurudumu na mpini, ulikuwa kilo 1 na nusu. Maji yalikuwa lita 1, yaani kilo 1. Vitabu vyenyewe, ambavyo ndivyo sababu ya safari, havikufika hata nusu ya mzigo. Kisha nilimsimamisha mtoto mwenyewe juu ya mizani ya magunia: kilo 19. Basi alikuwa akibeba robo ya uzito wake. Mtu wa kilo 80 akitaka kuujua mzigo ule, na atie mgongoni kilo 20 za unga aende nazo kwa miguu. Mimi nilijaribu, kutoka dukani pale hadi nyumbani kwangu, na majirani niliotaka wamwone mtoto wa mwalimu walimwona mwalimu.

Sitaki kukutisha kwa kusema kwamba mkoba mzito huupinda uti wa mgongo usinyoke tena. Watu husema hivyo sana, lakini ushahidi wake si imara. Yaliyo wazi yanatosha: mabega huuma, mgongo huchoka, mwili huinama mbele ili usivutwe nyuma, na mtoto anayeinama haoni vizuri gari linalokuja. Serikali ya India mwaka 2020 ilitoa mwongozo kwamba mkoba wa mwanafunzi usizidi sehemu ya kumi ya uzito wake. Kwa binti yangu hiyo ni kilo 2 kasoro kidogo. Na huko Japani, mtoto anayeanza shule ya msingi hununuliwa mkoba mgumu uitwao randoseru, wa ngozi halisi au ya bandia, ulioshonwa kwa uangalifu ili aubebe miaka yote sita. Asili ya desturi hiyo husimuliwa kuwa ni mwaka 1887, wakati mwana wa mfalme, ambaye baadaye alikuwa Mfalme Taisho, alipopewa mkoba wa namna hiyo alipoingia shule ya Gakushuin. Bila shaka muuzaji wangu wa Kongowea angeufurahia mkoba huo. Lakini hata Wajapani, wenye mkoba ulio bora namna ile, waliona kwamba watoto wanaelemewa. Na mwaka 2018 wizara yao ya elimu ikazitaka shule ziruhusu baadhi ya vitabu viachwe darasani.

Mkoba uliokatika niliupeleka kwa fundi wa viatu aketiye chini ya mwarobaini karibu na kituo cha matatu. Mzee huyu hakusoma miaka mingi, lakini katika elimu ya mikoba sijakutana na mwenye shahada kumzidi. Aliupokea, akaugeuza nje ndani kama mtu anayechuna sungura, akacheka kidogo. "Mwalimu," aliniambia, "mkoba hausomwi usoni. Husomwa tumboni." Kwa kuwa nilikuwa na aibu nikanyamaza, na kwa kuwa nilinyamaza akanifundisha.

Alinionyesha mwisho wa ule mkanda. Ulikuwa umegandamizwa tu kwenye ukingo wa kitambaa na kushonwa mstari mmoja wa uzi, na kitambaa kilikuwa kimefumuka nyuzi. Kisha alitoa mkoba wa mteja mwingine, uliochakaa kwa rangi lakini mzima kwa mshono. Humo ncha ya mkanda iliingia ndani, katikati ya vitambaa viwili, ikashonwa kwa umbo la mraba, na ndani ya mraba ukapita mshono wa msalaba. Alinifundisha kuushika mkoba mtupu kwa mkanda mmoja na kuukutua kwa nguvu huku nimetega sikio, kwa maana mshono mbaya hulia kabla ya kukatika. Alinifundisha kuifunga na kuifungua zipu mara kumi, tena nisiishie pale iliponyooka, nipite nayo kwenye kona, kwa kuwa zipu dhaifu huishia konani. Chini ya mkoba pawe na kitambaa maradufu, sababu hapo ndipo mtoto anapouburura hata ukimkataza. Na upande unaogusa mgongo pawe na sifongo ya kutosha. Kuijua ni rahisi: tia kitabu ndani, ukibonyeze, na mkono wako mwingine uuweke nje, ukiisikia pembe ya kitabu kiganjani, mtoto ataisikia mgongoni. Mikanda iwe mipana kama vidole vitatu vya mtu mzima. Mkanda mwembamba ni kamba tu, hata ukipakwa rangi ya dhahabu.

Nilimwuliza kama aweza kuutengeneza ule wa kwangu. Alisema aweza, lakini haufai kurudi kwa mtoto. "Uzi haushindani na uzito, Mwalimu. Wewe mtafutie mdogo, kisha uniletee kabla hajauvaa, nami nitaupigia mshono wa pili." Tangu siku ile nimewaambia wengi wapite kwa fundi kwanza, ndipo waende kwa muuzaji. Muuzaji huuona mkoba siku unapozaliwa. Fundi huuona siku unapokufa, naye anaijua maradhi iliyouua.

Sasa nikurudishe darasani kwangu, maana huko nilikuwa na deni. Niliazima mizani ile ile nikapima mikoba ya watoto wangu wote, na ili wasiogope nikaufanya mchezo wa hesabu. Lo! Tuliyoyakuta mle ndani yangetosha kufungulia duka: kitabu cha dada aliyehama shule, mawe matano ya kuchezea, sweta katika joto la Mombasa, nusu ya andazi lililogeuka kuni. Mtoto hujaza mkoba, hajui kuutoa. Lakini mzigo mkubwa ulikuwa ni ule niliouagiza mimi. Niliomba rafu ya mbao, tukaiweka nyuma ya darasa, na vitabu visivyohitajiwa nyumbani vikalala pale. Kila jioni tukaisoma ratiba ya kesho kwa pamoja kabla ya kengele. Usidhani mambo yalinyooka mara moja. Vitabu viwili vilipotea, mchwa wakala kingine kimoja, na wazazi kadhaa wakalalamika kwamba mtoto anayerudi na mkoba mwepesi hakufundishwa kitu. Wazazi hao siwalaumu. Mimi nami nilikuwa nimenunua mkoba kwa imani ile ile.

Katika kupima huko ndipo nilipopata aibu yangu ya pili. Alikuwapo mvulana mmoja aliyebeba vitabu vyake katika mfuko uliokatwa kutoka gunia la mchele la kilo 25. Mama yake aliukata, akaupima mgongoni kwa mwanawe, akaushona kwa mkono, na mikanda akaitengeneza kwa leso kuukuu aliyoikunja mara nne. Mwezi wa Januari nilikuwa nimemwambia mtoto yule mbele ya wenziwe awaambie wazee wake wamnunulie mkoba wa haki. Nakumbuka kwamba aliitika, "Ndiyo, mwalimu," akaketi, na tangu siku ile akawa anauficha mfuko wake chini ya dawati. Basi nilipouweka juu ya mizani, sindano yake ilisogea kidogo tu. Nilimwomba auvae. Ulikaa kati ya mabega na kiuno kana kwamba uliota pale. Mikanda ilikuwa mipana, laini, nayo haikuwa na alama yo yote ya kumkata. Katika mikoba 43 iliyopimwa siku ile, huo ndio uliokuwa mwepesi kuliko yote na uliomfaa mwenyewe kuliko yote. Nikasema hivyo kwa sauti, mbele ya darasa lile lile. Sijui kama neno la Mei laweza kulifuta neno la Januari. Ila kesho yake mfuko haukuwa chini ya dawati.

Ningependa uzingatie habari za mfuko ule, msomaji, kwa sababu huenda kwenu pia fedha hazitoshi. Kabla ya tarehe 28 Agosti 2017, siku Kenya ilipoanza kupiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, watoto wengi wa maskini walikwenda shuleni na vitabu katika juala. Juala ilikata vidole, ilipasuka, na mtoto aliibeba kwa mkono mmoja akaenda amepinda upande. Ilipoondoka, mama wengine walirudi kwenye sindano na uzi. Bibi yangu mzaa mama alinishonea mimi mfuko wa turubali nilipoanza darasa la kwanza katika miaka ya 1990, nami niliuonea haya kwa sababu wenzangu walikuwa na mikoba ya dukani. Leo najua kwamba alinipima mgongo kwa shubiri yake kabla ya kukata kitambaa. Hakuna muuzaji aliyepata kunifanyia hivyo.

Ukitumwa sokoni, basi, usiende peke yako kama nilivyokwenda mimi. Nenda na mtoto mwenyewe, tena uvichukue vitabu vyake halisi, hata ikiwa katika kikapu, kwa maana mkoba mtupu humkaa vizuri kila mtu. Mvalishe mikanda yote miwili, uikaze, kisha piga magoti nyuma yake ili macho yako yawe sawa na mgongo wake. Ukingo wa juu usipite mabega. Upande wa chini usishuke chini ya kiuno zaidi ya upana wa kiganja chako. Mwambie atembee, ainame kama anayefunga kamba za kiatu, asimame. Mwambie aufungue na kuufunga bila ya msaada. Mkoba ambao mtoto hawezi kuufungua ni kabati la mtu mwingine. Jina lake uliandike ndani, usiliandike nje, kwa kuwa mtu asiyemjua akimwita kwa jina lake barabarani atadhani ni mtu wa kwao. Na ikiwa hutoka nyumbani alfajiri, kama watoto wengi wa nchi yetu, tafuta wenye utepe unaoakisi taa za gari. Fundi aweza kuushonea kwa fedha kidogo.

Habari za rangi na picha nilikuwa nikizidharau. Sasa sizidharau sana. Picha hubanduka kabla ya Juni, hilo ni kweli, na mara nyingi mnunuzi huilipia picha kuliko kitambaa. Lakini mkoba ni kitu cha kwanza ambacho mtoto hukichukua mwenyewe nje ya mlango wa kwao, na si haki kumnyima neno katika jambo hilo. Mimi naona njia iliyo njema ni mkubwa kuchagua kwanza ile iliyo salama, na mdogo kuchagua katika hiyo ule anaoupenda. Kumwachia soko zima ni kumtupa; kumwamulia yote ni kumpokonya.

Hivyo ndivyo tulivyofanya mara ya pili. Jumamosi asubuhi nilikwenda naye Kongowea, goti lake likiwa limepona, vitabu vyake nimevifunga katika leso ya mama yake. Nilikutua mikanda, nikapitisha zipu konani, nikabonyeza pembe za vitabu, mpaka muuzaji mmoja akaniuliza kama mimi ni mtu wa serikali. Iliyofaulu ilikuwa minne. Niliipanga mbele yake juu ya gunia nikasema, "Haya, mama, chagua." Kulikuwa na mmoja mwekundu wenye vipepeo, nami moyoni nilikwisha kuulipia. Yeye aliivaa yote minne, moja baada ya moja, akaifungua na kuifunga kwa utaratibu wa karani, kisha akashika wa buluu iliyofifia, usio na picha hata moja. Nilipomwuliza sababu, alinionyesha kitanzi kidogo kilichoshonwa juu yake. Darasani kwao, alieleza, mikoba huwekwa chini, na wenzake huikanyaga. Huu angeutundika kwenye kiti. Miezi mitano mkoba wake wa zambarau ulikuwa ukikanyagwa kila siku, nami sikuwahi kuuliza.

Tuliupitisha kwa fundi, akaupigia mshono wa pili kama alivyoahidi, akakataa malipo. Siku ya Jumatatu niliujaza pamoja naye kwa kufuata ratiba, na maji nikampunguzia yakawa nusu lita, maana nilikuwa nimekwisha kuuliza nikaambiwa kwamba shuleni kwao lipo tangi la maji safi. Mwalimu wake nilimwendea, nikamweleza yaliyotokea darasani kwangu mimi kabla ya kumweleza yaliyotokea mtaroni. Alinisikiliza vizuri.

Ama ule mkoba wa zambarau, nilikuwa nimekwisha kuulipia, na fundi aliutengeneza mkanda wake kwa ngozi ya kiatu. Mimi ndimi ninayeubeba. Madaftari 43 ya kusahihisha huenea mle bila ya taabu, na jioni nikipita njia ya mchanga kurudi Kisauni, watoto wa jirani hunifuata nyuma wakihesabu kwa sauti sehemu za yule paka zilizobaki: sikio moja, masharubu ya upande mmoja, na taji.